Chai Niliyoikataa Mkononi mwa Lok

Toronto,
Jumapili mchana

Kwa dada yangu Syombua,

Wĩ mũseo? Mimi niko, mwili mzima, ingawa baridi ya huku imenikausha ngozi mpaka natisha. Goti lako la kushoto linasemaje? Usinijibu "nafuu" kama kawaida yako. Nitawauliza wanaokuona ukipanda kile kilima cha kutoka mtoni na debe mgongoni, wao ndio watakaonieleza ukweli. Mbaazi mmevuna? Mvua ilifika Mwala safari hii, ama ilipitia juu tena ikaenda kunyeshea watu wa milimani? Na yule ng'ombe wako mwekundu mwenye kiburi, amezaa?

Najua unasoma haya umekunja uso na kusema, "Mutheu anazunguka." Kweli nazunguka. Mtu aliyetumwa neno moja akarudi na lingine lazima alizunguke boma kwanza kabla ya kupiga hodi.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu yako haina siri. Unaiweka sauti ya juu, jirani wanasikia mpaka kwa kina Mwende, na nikifika mahali usipopapenda unasema mtandao umepotea. Karatasi huwezi kuikata. Barua ataileta mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa Ekalakala, anayekuja likizo. Ukikasirika katikati, iweke chini, nenda ukawape mbuzi maji, kisha urudi umalizie. Nakuomba tu umalizie.

Tuanzie pale tulipoachia. Uliniambia hivi: "Mutheu, huko wewe ndiye mama yake. Nenda uketi na hao watu, uwape heshima yao, halafu uwaambie hapana. Ndinda ni msichana wangu wa pekee. Nitampaje mtu ambaye hata tukikutana njiani hajui kunipisha?" Na kaka yetu Musyoka, ambaye ndiye wa kuketi na wazee tangu shemeji alipotutangulia, akasema neno lako ndilo lake. Nikajibu, "Nimesikia." Wala sikujibu shingo upande. Nilikuwa nimeshamkataa huyo kijana moyoni kabla hujanituma.

Lakini usidhani nilimchukia. Lok nilimjua vizuri, tena nilimjua kwa chakula. Ndinda alimleta kwangu kama mfanyakazi mwenzake wa hospitali. Yeye yuko upande wa dawa. Ni kijana wa Kichina, mrefu, mwembamba, masikio yamesimama wima kama ya mtu anayesubiri kuitwa. Kila Jumapili alikuwa akitupitia na gari kutupeleka kula nje. Unanijua mimi na vyakula vya watu. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nikienda kazini, kule kwa wazee ninaowatunza, na ugali wangu kwenye kibakuli, nikila kwa kujificha chooni. Ni Lok aliyeniondolea ushamba huo.

Alitupeleka kwa Wavietnamu, tukanywa supu ya tambi kutoka kwa bakuli ambalo ungeweza kumuogeshea mtoto mchanga. Akatupeleka kwa Wakorea, ambao wanakuletea nyama mbichi na jiko hapohapo mezani ujichomee mwenyewe. Nilimwambia Ndinda hawa bila shaka ni Wakamba waliopotea njia. Kwa Wajapani akaniagizia samaki mbichi, nikamwambia nitangojea aive. Alicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongo akapata pumzi. Nilikaa naye uso kwa uso, dada. Nilimwona akitafuna, naye akaniona nikinyonya mfupa. Siku moja alinyoosha kidole akanionyesha sukuma yao ya Kichina imenaswa kwenye jino langu, nami sikuona haya hata kidogo. Alikuwa mtu baki mwema, rafiki wa mtoto wa dada yangu. Hilo ulishike, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Ndinda aliponiambia wanataka kuoana, nilikuwa napika chapati. Niliiacha moja ikaungua. Nilikufikiria wewe, umezeeka, wajukuu wamekuja likizo, na mnazungumza kwa kuonyeshana vidole. Hasira ilinishika, nikamwambia Ndinda maneno ambayo sitayaandika. Aliigeuza ile chapati iliyoungua, akazima moto, akaenda zake. Kwa wiki kadhaa hakuja kwangu, na Lok hakuja. Ndipo ukanipigia ukanituma, nami nikaona Mungu amepanga.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Mama Lok ndiye aliyetuita. Ni mjane kama wewe. Mumewe alikufa Lok akiwa mdogo, naye akamlea peke yake kwa kupika kwenye majiko ya hoteli za kwao. Watu hawa wakiwa na jambo zito hawakuiti nyumbani. Wanakuita kwenye chai. Wanaiita dim sum. Ni asubuhi ya Jumapili, familia nzima, bibi hadi mtoto wa kubebwa, wamezunguka meza ya mviringo. Chai haikauki, na akina mama wanapita na vitoroli vilivyojaa vikapu vidogo vya mianzi, mvuke unatoka. Ukiona unachotaka unaonyesha kidole, unawekewa katikati, kila mtu anachota hapo hapo. Hakuna sahani ya mtu mmoja. Wote mnakula pamoja.

Kwenye treni Ndinda alinifundisha kama mtoto wa kipaimara.

"Auntie, chai ikimiminwa usiseme thank you. Gonga meza na vidole viwili, hivi."

"Nipige hodi kwa meza?"

"Auntie, please. Leo usinianzie." Hakucheka. "Kwao chai ndio kila kitu. Mdogo anamwagia mkubwa, na mkubwa anakubali. Ukikataa chai yao ni kama umewatemea mate. Umeskia?"

"Nimesikia."

Tulipita vituo viwili vitatu. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Na umetumwa kusema nini?"

Nikamwambia, "Nimealikwa kula. Nitakula."

Alijua, dada. Ni mtoto wako, anakujua kuliko mimi. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili na hakuuachilia mpaka tulipofika.

Mahali penyewe ni ukumbi mkubwa kuliko kanisa letu, kelele kama siku ya soko, na pembeni kuna matangi ya vioo yenye samaki na kaa walio hai. Mama Lok alikuwa ameshaketi. Ni mwanamke mfupi, koti jeusi limefungwa hadi shingoni, mikono ina makovu ya mafuta ya moto. Hakutabasamu. Lok aliruka akasimama, akanivutia kiti, masikio yamekuwa mekundu.

Nikaharibu kabla hata sijakalia kiti vizuri. Mama Lok alichukua birika akaanza kumimina chai kwenye bakuli tupu. Kumbe wanasuuza vyombo, ndiyo desturi yao. Mimi nilifikiria ya kwetu. Nilipoona mtu ameshika birika na bakuli liko chini, nikajua tunanawa, nikanyoosha mikono yote miwili. Chai ya moto ikanipata vidoleni, nikapiga ukelele "Aiya!" meza ya jirani wakageuka. Lok alikimbilia barafu. Ndinda alifumba macho. Mama Lok aliniangalia, akaniangalia tena, akaendelea kusuuza.

Vikapu vikaanza kuja. Mama Lok aliagiza bila kuuliza mtu. Kulikuwa na mikate myeupe laini yenye nyama ya nguruwe ndani, uji wa mchele, na vifurushi vya unga unaoonyesha ndani vimejazwa kamba wa baharini. Ndinda akaninong'oneza, "Leo Mkamba atakula kamba," akijaribu kunichekesha, maskini. Halafu Mama Lok akachagua kikapu kimoja, akakisukuma mbele yangu mimi peke yangu. Miguu ya kuku. Ile ya kukanyagia, dada, na kucha zimekatwa. Nilijua ananipima. Nikakumbuka tulivyokuwa tukiigombania jikoni kwa mama, nikauchukua mmoja, nikaunyonya, nikatema vifupa kwenye sahani kimoja kimoja. Ulikuwa mlaini, una pilipili na utamu wa mbali. Nikachukua wa pili. Mama Lok akakohoa kidogo, nikaona bega lake limeshuka.

Basi akaweka vijiti chini. Kiingereza chake ni cha polepole kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wenyeji wa hapa.

"Wewe ni mama yake hapa," akasema. "Mimi sina mume wa kunisemea, nitasema mwenyewe. Mwanangu anamtaka binti yenu. Mimi sikutaka. Nilitaka mtu ambaye nikizeeka nitaongea naye kwa lugha yangu. Lakini ameniomba, na hajawahi kuniomba kitu. Kwa hiyo nimekuja. Nakuomba binti yenu."

Hapana yako ilikuwa mdomoni mwangu. Nakuapia kwa kaburi la mama, ilikuwa pale, nimeshaipanga kwa Kiingereza, na maneno ya heshima mbele na nyuma kama ulivyoniagiza. Nilikuwa nimevuta pumzi ya kuisema. Wakati huohuo Lok alisimama, kwa kuwa yeye ndiye mdogo mezani, akashika birika kwa mikono miwili, akaizunguka meza mpaka kwangu, akainama anijazie kikombe.

Dada, sijui nikuelezeje. Aliposimama upande wa pili wa meza alikuwa Lok wangu wa supu. Alipofika kando yangu, mama yake akiwa ameshatamka maneno yale, alikuwa mkwe. Haya ilinipanda kutoka miguuni. Ile yetu, nthoni, ile iliyomfanya mama yetu atupe mzigo wa kuni chini na kuingia kichakani siku alipokutana na mume wako njiani, tukamcheka wiki nzima. Nami nilidhani niliiacha huko nyumbani pamoja na leso zangu. Mkono wangu ukafunika kikombe. Uso ukageuka. Kiti nacho kikageuka, nikajikuta naangalia ukuta mwekundu na meza nzima nimeipa mgongo.

Meza zile nyingine zilikuwa zinapiga kelele zao lakini yetu ilikufa. Nilisikia birika likiwekwa mezani polepole.

Mama Lok akasema, "Ulikula naye. Aliniambia. Kwa Wavietnamu ulikula naye, kwa Wakorea ulikula naye, mkacheka. Leo nimekuja mimi, nimeomba, na chai yetu imekuwa uchafu?"

Ndinda alikuwa tayari analia. "Auntie, umefanya nini? Geuka! Kunywa hiyo chai!" Alipoona sigeuki akasema, sasa kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya zaidi, "Mwaitu amekutuma. Najua mama amekutuma. Basi sema hapana na mdomo kama mtu mzima. Usinifanyie hivi mbele ya watu."

Nilitaka kujibu, lakini yule alikuwa bado amesimama nyuma ya bega langu, naisikia pumzi yake. Nikauambia ukuta, "Mwambie asogee."

"Nani?"

"Yeye."

"Yeye nani? Si ni Lok? Lok ako na jina, Auntie, umemwita hilo jina mwaka mzima!"

Jina lilikataa kutoka. Nilitikisa kichwa tu. Ndinda akazunguka akaja akachuchumaa mbele yangu, akaniangalia usoni, na nadhani aliona kitu, kwa maana alikulia Mwala na si hapa. Alifuta machozi kwa kiganja.

"Auntie," akasema. "Ni nthoni?"

Alikaa chini sakafuni palepale, na koti lake zuri.

Mama Lok hakungoja. Nilisikia kiti chake kikiburuta, nikasikia akivaa koti ambalo alikuwa amelivua kwa ajili ya joto. Ndinda aliruka akamshika mkono wa koti. "Please. Please, subiri, atakueleza." Ndipo ikabidi nieleze, nikiwa nimetazama ukuta, kwa Kiingereza changu cha kuogeshea wazee.

Nikasema, "Mama Lok, chai yenu si uchafu. Kwetu mtu baki nakula naye, namwita jina, namcheka. Mkwe siwezi. Mkwe simwiti jina. Sipokei kitu mkononi mwake. Simwangalii akila na yeye haniangalii. Mwanamume wa binti yetu akitokea njia moja, mimi napitia nyingine. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Kama ningekunywa chai ya mwanao leo, ningekuwa nimekuambia yeye si kitu kwetu."

Na nilipomaliza kusema ndipo nikasikia nilichosema.

Nilikuja na hapana yako, dada, na kabla mdomo haujaitoa mgongo wangu ulikuwa umeshasema ndiyo, mbele ya mama wa kijana, mbele ya Ndinda, mbele ya samaki wale wote. Ndinda naye alielewa wakati uleule. Aliacha kulia ghafla.

Mama Lok alikuwa amevaa mkono mmoja wa koti. Aliuliza, "Mpaka lini?"

"Mpaka mama mzazi aseme. Kuna mbuzi watakwenda nyumbani kwetu, tunaita ntheo. Na kuna blanketi litatoka kwa mwanao kwenda kwa dada yangu. Akilipokea akajifunika, amemfungulia. Hapo watakula pamoja, na mimi nitakula naye. Mwingine hawezi kufungua. Mimi siwezi."

"Na dada yako akikataa?"

Nikamwambia ukweli. "Akikataa, hakuna mkwe. Nitageuka, tutakunywa chai sote pamoja na kucheka, halafu kila mtu ataenda kwake."

Hapo nikasikia nyayo. Sikugeuka, Ndinda ndiye aliyenieleza baadaye. Kijana alikuwa amechukua bakuli lake, kikombe na vijiti, akaenda akaketi kwenye meza ndogo karibu na mlango wa jikoni, ile wanakorundika vyombo vichafu. Hakuna aliyemtuma. Alikaa ametupa mgongo, uso kwenye matangi. Mama mmoja wa kitoroli akamfukuza arudi kwa wenzake, naye akatikisa kichwa, akaonyesha kidole kikapu, akawekewa, akala peke yake pale katikati ya sahani za watu.

Wewe ulisema hajui kukupisha njiani. Mimi nimewaona watoto wa Mwala, waliozaliwa kwa nthoni, siku hizi wanawapigia mama wakwe zao mkono kwa dirisha la gari. Sikulaumu, ulikuwa hujamwona. Nakwambia tu nilichokiona, au tuseme alichokiona Ndinda.

Nilipogeuka, Mama Lok alikuwa ameketi, koti lingali begani. Alishika birika mwenyewe akanijazia. Nikagonga meza na vidole viwili. Aliviangalia vile vidole, vilikuwa bado vyekundu kwa kuungua, na nikadhani atatabasamu. Hakutabasamu. Alimtazama mwanawe kule mlangoni.

"Alikula peke yake miaka mingi," akasema. "Mimi nilikuwa jikoni nikipikia watoto wa wengine. Alikuwa anakaa kwenye meza kama ile ile. Nilijiapia hatakula peke yake tena."

Nikainywa ile chai.

"Mwambie dada yako asikawie," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Tulimaliza chai, sisi wanawake watatu, na hakuna aliyekula tena. Mlangoni Mama Lok alinishika mkono wenye malengelenge, akautazama, akauachilia. Mpaka leo hajanipigia simu. Ndinda anasema hazungumzi nyumbani, anapika tu, anapika chakula kingi kuliko watu.

Nakujua sasa umesimama. Unasema, "Nilimtuma huyu mjinga neno moja tu." Nikaripie, una haki. Ndinda ni wako, tumbo ni lako lililomzaa, na mimi nimefungua mdomo wa boma lako bila ruhusa. Lakini pia nisikilize. Hakuna mbuzi aliyevuka mlango wako. Hakuna blanketi. Kwa sheria yetu bado unaweza kurudi nyuma na hakuna atakayekulaumu, na kaka Musyoka atasimama nawe. Ukiniambia hapana, nitafanya linalotakiwa. Nitamwita huyo kijana apande juu kwangu, nimketishe mbele yangu, nimwite jina lake, nimpakulie, nile naye uso kwa uso. Sitahitaji kusema lolote. Anajua sasa maana yake, na mama yake anajua.

Nimejaribu kujiona nikifanya hivyo. Nikifika pale pa kuliita jina, nashindwa. Pengine wewe ukiwa hapa ungeweza, una moyo mgumu kuliko wangu tangu tukiwa wadogo. Niogopee kidogo, dada, mimi ndiye nitakayekuwa mezani.

Na lile swali la wajukuu, utazungumza nao lugha gani, bado ninalo, sijalisahau. Sina jibu. Ndinda anasema atawafundisha Kikamba, nami nimemwambia aanze na mama mkwe wake, kwa maana huyo ndiye atakayeshinda nao. Alifikiri natania.

Nisalimie kaka Musyoka, umwambie asianze kuhesabu pembe za mbuzi kabla hujasema. Nisalimie wifi, mke wake, na mikono yake inayojua kupika muthokoi kuliko mikono yote ya Mwala. Nisalimie shangazi aliyetulea tukiwa na homa, umwambie zile soksi za sufu zinakuja na huyuhuyu anayeleta barua. Na mzee katekista jirani yako, umwombe sala moja, asiulize ya nini.

Nikomee hapo maana Ndinda ananihimiza. Ni yeye na huyo wa kwake watakaoipeleka barua hii kwa mwenzangu leo. Tangu siku ile ya chai kijana hajakanyaga mlango wangu. Anamleta Ndinda kila Jumapili, anamwacha chini, yeye anabaki garini mpaka tumalize. Nimemwambia Ndinda angalau aende mkahawani akaote moto. Amekataa, anasema hapo ndipo pake mpaka aitwe. Leo theluji inaanguka toka asubuhi. Nimempelekea sahani ya chapati na maharagwe kwa mkono wa Ndinda, na sasa hivi, Mungu anisamehe, nimefungua pazia kidogo kuona kama amekula. Anakula. Amejipinda kwenye kiti mpaka anakaribia kuvunjika shingo, amegeukia ule upande wa barabara, ili nikitokea dirishani nisimwone akitafuna.

Kuna baridi huko nje, dada. Mwite ndani.

Mimi mdogo wako, niliyetumwa nisifike,

Mutheu